Utatuzi wa Matatizo ya Gridi Ndogo ya Sola, Betri na Jenereta: Kutoka Dalili hadi Chanzo

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mafundi na wasimamizi wa vituo vidogo vya umeme vinavyohudumia kijiji kimoja au vichache, hususan vya visiwani na vile vilivyo mbali na nguzo za gridi ya taifa, ambavyo hutegemea paneli za sola mchana, betri usiku, na jenereta ya dizeli pale vyote viwili vinapoelemewa. Umepangwa kwa kufuata dalili kama wateja wanavyozieleza, kwa kuwa mteja hasemi kwamba masafa (mizunguko ya umeme kwa sekunde) yamepanda. Husema kwamba taa zilicheza kisha zikazimika. Chini ya kila dalili, visababishi vinaanzia kile kinachokutwa mara nyingi na kuishia na kile cha nadra.

Hitilafu nyingi zinazoletwa kwa jina la "betri zimekufa" hazikuanzia kwenye betri. Zilianzia kwenye zamu. Kwa zamu nina maana ya uamuzi, uwe wa mtu au wa kompyuta ya kituo, wa chombo kipi kibebe mzigo saa ipi, kwa kiasi gani, na akiba ipi iachwe bila kuguswa. Betri iliyopangiwa zamu mbaya huchoka kabla ya wakati wake, na ile mpya itakayonunuliwa itaishia palepale. Kwa hiyo kabla ya kuagiza kifaa chochote, zisome kumbukumbu za siku saba zilizopita za inveta, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa paneli na betri kuwa umeme wa nyumbani.

Ili hesabu zisielee hewani, nitatumia kituo cha mfano chenye paneli za kilowati 60, betri za litiamu za uniti 200 ambazo uniti 160 tu ndizo zinazopaswa kutumika, na jenereta ya kilowati 40. Uniti hapa ni kilowatisaa, kama inavyouzwa kwenye mita.

Kabla ya kufungua kabati lolote

Paneli haziwezi kuzimwa wakati jua lipo. Mkondo wake ni mnyoofu (DC), na volti za mfululizo mmoja wa paneli, yaani paneli zilizoungwa moja baada ya nyingine, huweza kukaribia 1,000. Ukichomoa kiunganishi chake kikiwa kimebeba mzigo, cheche inayotokea haizimiki upesi kama ile ya umeme wa kawaida wa nyumbani, na imekwisha kuunguza mikono ya watu wazoefu. Zima inveta kwanza, kisha swichi ya mkondo mnyoofu, halafu upime kwa klampumita (kipima ampea kinachobana waya) kuhakikisha kwamba hakuna ampea zinazopita. Betri nazo ni hai wakati wote, hata kituo kikiwa giza totoro, hivyo vua pete na saa ya chuma. Chumba cha betri za maji (za risasi na asidi) hutoa hewa ya haidrojeni wakati wa kuchaji, nayo ikifikia asilimia 4 ya hewa ya chumba huweza kulipuka. Feni na madirisha yake si mapambo.

Dalili: umeme hukatika usiku wa manane au alfajiri, na hurudi jua likipanda

Hili ndilo lalamiko kuu. Swali la kwanza si betri zina umri gani, bali jana zilijaa saa ngapi. Kama zilijaa saa 7 mchana na bado zikaisha saa 10 usiku, tatizo lipo kwenye betri zenyewe au kwenye mzigo wa usiku. Kama hazikujaa kabisa, tatizo lilianza mchana, na kuzibadilisha betri hakutasaidia chochote.

Kisababishi kinachokutwa mara nyingi zaidi ni mzigo uliokua polepole bila mtu kuuhesabu. Kijiji kilichoanza na taa na redio leo kina friza, runinga kubwa na saluni. Chukua kituo chetu cha mfano: kuanzia saa 12 jioni hadi saa 5 usiku mzigo ni wastani wa kilowati 20, yaani uniti 100, kutoka hapo hadi saa 12 asubuhi ni kilowati 7, yaani uniti 49, na hadi saa 2 asubuhi, paneli zinapoanza kuzalisha kwa kutosha, ni uniti nyingine 16. Jumla ni 165, na ukiongeza kile kinachopotea ndani ya inveta, betri zitatakiwa kutoa takriban uniti 178. Uwezo wake ni 160. Upande wa mchana, tuseme paneli huzalisha uniti 252 siku ya jua zuri, na kijiji hutumia 120 kabla ya magharibi. Zinazobaki ni 132, na zinazoingia kwenye betri baada ya upotevu ni kama 125. Kituo hiki hakina ugonjwa wowote. Kina upungufu wa uniti 53 kila siku, hata siku isiyo na wingu, na ni lazima jenereta izizibe au mzigo upunguzwe.

Hapo ndipo zamu inapoingia. Wasimamizi wengi huacha jenereta ijiwashe yenyewe betri zikifika asilimia 20, jambo ambalo kwa kituo hiki hutokea usiku wa manane, mzigo ukiwa kilowati 7 tu. Jenereta ya kilowati 40 inayobeba kilowati 7 hula mafuta mengi kwa kila uniti, na injini yake huchafuka, kama itakavyoelezwa mbele. Iwashe badala yake saa 1 usiku hadi saa 3, kwa kilowati 30: kilowati 20 ziende moja kwa moja kwa wateja na 10 ziingie kwenye betri. Katika saa hizo mbili zitapatikana uniti 60 kwa lita 18 hivi za dizeli, na sehemu kubwa ya umeme huo haipiti kabisa kwenye betri, hivyo haupotei njiani wala hauzichoshi.

Wanaopenda hesabu ya gharama wafanye hivi: gawanya bei ya betri kwa jumla ya uniti zitakazopita ndani yake maisha yake yote. Betri zetu, zikitoa uniti 160 kwa mzunguko na zikihimili mizunguko 4,000, zitapitisha uniti 640,000. Kiasi kinachopatikana ndicho bei ya kuchakaa kwa kila uniti. Uniti iliyotoka juani na kupitia betrini hulipa bei hiyo tu. Uniti iliyotoka kwenye dizeli na kupitia betrini hulipa bei hiyo, hulipa mafuta, na hulipa upotevu wa kuingia na kutoka. Ndiyo maana kuchaji betri kwa jenereta hufaa pale tu ambapo injini, isipopewa kazi hiyo ya ziada, ingezunguka na mzigo mwepesi mno. Kuna wasimamizi wanaojaza betri kwa dizeli saa 11 alfajiri ili "kituo kianze siku na nguvu", kisha saa 6 mchana wanalitazama jua likitupwa kwa kuwa betri hazina nafasi. Nimewasikiliza sana, na bado sijaona faida yake.

Kisababishi cha pili ni umeme unaopotea kwenye laini au unaoibwa. Linganisha uniti zilizotoka kwenye kabati la kituo kwa mwezi mzima na jumla ya zile zilizouzwa kwenye mita. Tofauti ikizidi moja ya kumi, kagua mita moja moja kabla hujaigusa betri.

Cha tatu ni paneli. Vumbi la barabara, kinyesi cha ndege, na mwarobaini uliopandwa ukiwa mche na sasa unaficha safu nzima baada ya saa 9 alasiri, vyote hupunguza mavuno. Pima ampea za kila mfululizo katika dakika zilezile za jua kali. Ule ulio chini ya wenzake kwa zaidi ya asilimia 10 una kivuli, uchafu au kiunganishi kibovu, na usio na ampea kabisa kwa kawaida una fyuzi iliyoungua. Osha paneli asubuhi mapema, kwa kuwa maji baridi juu ya kioo cha moto huweza kukipasua. Kama inveta inaonyesha hitilafu ya insulesheni (umeme unaovuja kutoka kwenye nyaya), usioshe wala usishike fremu za paneli. Funga eneo na uite mhandisi.

Cha nne, ambacho huwapoteza wengi, ni kipimo cha chaji kinachosema uongo. Volti za betri za litiamu za aina ya chuma-fosfati hubaki karibu palepale kuanzia chaji nyingi hadi chaji kidogo, kwa hiyo mfumo hauwezi kukisia chaji kwa volti. Huhesabu ampea zinazoingia na kutoka, na makosa madogo ya hesabu hiyo hurundikana siku hadi siku. Betri isiyojazwa kabisa kwa wiki kadhaa huweza kuonyesha asilimia 45 huku imebakiwa na kidogo sana, kisha mfumo wake wa ulinzi ukakata bila onyo. Ijaze hadi mwisho, kwa jenereta ikibidi, uiache itulie hapo, na kipimo kitajisahihisha. Panga kufanya hivyo mara kwa mara katika msimu wa mvua.

Mwisho kabisa ndipo uishuku betri yenyewe. Kwa betri za maji, pima uzito wa asidi kwa haidrometa katika kila seli. Tofauti ya zaidi ya 0.030 kati ya seli ya juu na ya chini inadai chaji ya kusawazisha, ambayo hufanywa milango ikiwa wazi na maji yaliyotoneshwa yakiwa katika kiwango. Pima pia joto la chumba: betri za asidi zilizokusudiwa kuishi katika nyuzi 25 hupoteza karibu nusu ya maisha yake kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka, na chumba cha mabati kisicho na dari huzidi hapo kabla ya adhuhuri. Betri ya litiamu iliyovimba, yenye harufu tamu ya kemikali au yenye moto kwa kuigusa haipimwi na haichajiwi. Toka, zima kwa swichi ya nje, wazuie watu, na uite mtengenezaji.

Dalili: kituo huzimika mchana, jua likiwa kali na betri zimejaa

Wateja huliona hili kuwa kichekesho, nao wana haki. Katika kituo cha aina hii, inveta ya betri ndiyo kiongozi: huweka volti na masafa, na inveta za sola humfuata. Betri zikijaa, umeme wa ziada hauna pa kwenda, hivyo kiongozi hupandisha masafa kutoka hezi 50 kwenda 51 na zaidi, na inveta za sola, zikiyaona masafa hayo, hupunguza uzalishaji kidogo kidogo. Ni lugha yao ya kusemezana bila waya.

Kisababishi cha kawaida ni kwamba inveta za sola hazijafundishwa lugha hiyo. Zimekuja zikiwa na mipangilio ya nchi nyingine, na badala ya kupunguza taratibu zinajitoa zote kwa pamoja. Ujerumani yenyewe ilipata tatizo hili kwa ukubwa wa taifa: inveta zake za zamani zilitakiwa kujitoa masafa yakifika 50.2, na paneli zilipozidi kuwa nyingi ikaonekana kwamba siku moja zingeweza kutoka zote kwa mpigo na kuiangusha gridi, hata mwaka 2012 ikatolewa kanuni ya kuzirekebisha mamia ya maelfu ya mitambo. Katika kijiji, kipimo chake ni rahisi. Fungua kumbukumbu za inveta ya sola. Ukikuta onyo la masafa ya juu katika dakika ileile ya kuzimika, badilisha mpangilio uwe wa gridi iliyojitenga, na inveta zote ziwe na mpangilio mmoja. Kuibadilisha moja na kuziacha mbili ni kuhamisha tatizo.

Kisababishi kinachofuata ni betri kukosa nafasi ya juu. Chaji ikiwa asilimia 100 na mashine ya kusaga ikazimwa ghafla, kilowati zake zote hurudi kwa kiongozi kwa kufumba na kufumbua, kabla masafa hayajapanda vya kutosha. Weka kikomo cha chaji ya kila siku chini kidogo, asilimia 95 kwa mfano, na uache siku moja moja za kujaza kabisa kwa ajili ya kusahihisha kipimo. Kama hata hivyo mfumo wa ulinzi wa betri unakata, huenda seli moja imewatangulia wenzake na kufika juu mapema. Kusawazisha seli za litiamu ni kazi ya fundi wa kampuni iliyoziuza.

Wingu nalo ni kisababishi, hasa pale jenereta ndiyo inayoongoza na betri zimetolewa kwa matengenezo. Uzalishaji wa paneli huweza kushuka hadi robo ndani ya dakika moja, na jenereta iliyokuwa inabeba mzigo mdogo hutakiwa kuupokea wote. Katika siku hizo hakikisha kuwa kilowati za jenereta ambazo hazijatumika haziwi chini ya zile ambazo wingu linaweza kuziondoa, na kama haiwezekani, zima sehemu ya paneli. Kinyume chake pia ni hatari: paneli zikizidi mzigo wote, umeme husukumwa kuelekea jenereta na kuizungusha kama mota. Usiendeshe paneli pamoja na jenereta ambayo haina kinga ya kurudishiwa nguvu.

Dalili: kila mashine ya kusaga inapowashwa, taa hufifia au kituo huanguka

Mota ya kilowati 11 hutumia ampea 22 hivi katika kila fezi (mojawapo ya nyaya tatu zinazobeba umeme) ikiwa inazunguka kwa utulivu, lakini ikiwashwa moja kwa moja huvuta mara tano hadi saba ya kiasi hicho kwa sekunde kadhaa. Ampea 130 katika volti 400 ni karibu kilovolti-ampea 90, mzigo ambao inveta za kituo chetu cha mfano hazikununuliwa kwa ajili yake.

Anza na kinu chenyewe. Je, kinawashwa kikiwa na mahindi ndani? Je, mkanda umekazwa kupita kiasi, au beringi zinalia? Kinu kinachowashwa kitupu huamka haraka, na hilo halina gharama. Kisha angalia kama kuna mashine mbili zinazowashwa kwa wakati mmoja; wenye vinu wakipewa utaratibu wa kupishana, malalamiko hupungua siku hiyohiyo. Baada ya hapo fikiria stata (kiwashio cha mota) ya sta-delta, inayopunguza ampea za kuanzia hadi theluthi moja, au kidhibiti mwendo cha kielektroniki, ambacho ni ghali zaidi lakini hukiamsha kinu bila kishindo.

Saa ya kusaga nayo ni sehemu ya zamu. Mahindi yanayosagwa saa 5 asubuhi hula umeme uliotoka juani papo hapo. Yanayosagwa saa 1 usiku hula betri au dizeli. Vituo vinavyouza umeme wa mchana kwa bei ya chini kuliko wa usiku huwavuta wenye vinu, wachomeleaji na pampu za maji kwenye saa za jua bila kuwashurutisha. Usifunge swichi ya muda kwenye laini ya zahanati, hata kama hesabu inapendeza.

Dalili: volti hafifu mwisho wa laini, au nyumba moja ina volti nyingi mchana na chache usiku

Pima volti mahali pawili kwa wakati mmoja, kituoni na kwa mteja, saa 2 usiku. Ikiwa kituoni nako ni hafifu, rudi kwenye inveta. Ikiwa kituoni ni 230 na kwa mteja ni chini ya 207, laini ndiyo yenye tatizo. Chanzo cha kwanza ni kiungio kilicholegea, na mkono uliovaa glavu si kipimo: tumia kamera ya joto kama ipo, au utafute insulesheni iliyobadilika rangi kwenye viungio, ukiwa umekwisha kuzima laini na kuifunga kwa kufuli. Chanzo cha pili ni fezi moja kubebeshwa nyumba nyingi kuliko wenzake. Hamisha nyumba chache na upime tena. Cha tatu ni waya mwembamba kuliko umbali wake. Waya wa aluminiamu wa milimita mraba 16 una ukinzani wa takriban omu 1.91 kwa kilomita; tawi la fezi moja la mita 400 linalobeba ampea 15 hupoteza volti 23 kwenda na kurudi, na 230 inakuwa 207 bila kitu chochote kuharibika. Hapo dawa ni waya mnene au fezi ya pili.

Paneli zilizotawanyika kwenye mapaa ya shule, zahanati na maduka zimeleta sura mpya ya tatizo hili. Zinapozalisha adhuhuri mwisho wa laini, volti hupanda hadi 250 na kuendelea, inveta hizo zikajitoa, volti zikashuka, zikarudi tena, na taa za majirani zikacheza mchana kutwa. Usishushe volti za kituo ili kuponya adhuhuri, kwa sababu usiku utaua mwisho wa laini. Ziamuru inveta za mapaani zipunguze nguvu kadiri volti zinavyopanda. Nyingi za siku hizi zina mpangilio huo tayari, umezimwa tu.

Dalili: baadhi ya taa zinawaka kupita kiasi, nyingine hafifu, na vifaa vinaungua

Usitafute zaidi. Zima laini nzima sasa hivi.

Hii ni dalili ya waya wa nyutro (unaorudisha umeme kituoni) uliokatika au kuachia katika mfumo wa fezi tatu. Nyutro isipokuwepo, nyumba za fezi tofauti hujikuta zimeunganishwa kwa mfululizo kati ya volti 400, na kila moja hupata kiasi kinacholingana na mzigo wake: yenye vifaa vichache hupata volti nyingi, yenye vingi hupata chache. Friza na runinga huungua kwa dakika, na vyombo vya chuma vilivyoungwa kwenye nyutro huweza kuwa na umeme. Laini haiwashwi tena mpaka fundi mwenye leseni aifuate nyutro nguzo kwa nguzo na kupima ethi (waya wa ardhini). Mara nyingi kosa hukutwa kwenye kibano cha nguzo ya kwanza au ya pili kutoka kituoni, mahali ambapo ampea za kurudi ni nyingi kuliko kwingineko.

Dalili: jenereta inatoa moshi, mafuta meusi yanavuja kwenye bomba, na dizeli inaisha upesi

Chujio la hewa lililoziba ndilo la kukagua kwanza, kisha vichujio vya mafuta na maji yaliyoingia kwenye tangi. Vikiwa safi, soma mzigo. Injini ya dizeli inayoendeshwa kwa muda mrefu chini ya asilimia 30 ya uwezo wake haipati joto la kutosha, mafuta hayaungui yote, na mabaki yake hutoka na kuganda kwenye bomba la moshi kama lami. Iendeshe kwa saa kadhaa kwenye asilimia 70 hadi 80, kwa kuchaji betri ikibidi, na moshi utapungua kadiri injini inavyojisafisha. Moshi ukiwa wa bluu au mweupe usiokoma hata injini ikishika mzigo, mpigie fundi wa injini.

Kwa kipimo cha haraka, gawanya lita za mwezi kwa uniti za mwezi. Karibu 0.3 ni hali njema kwa jenereta ya ukubwa huu. Ikiwa 0.5, zamu ni mbaya, au mafuta yanatoka kwa mlango mwingine.

Dalili: inveta au mita zimekufa baada ya radi

Ukanda wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi duniani, na kituo kisicho na vizuia radi vizima hakidumu. Angalia kidirisha cha kizuia radi. Kikiwa chekundu kimekwisha kazi yake na lazima kibadilishwe kabla ya mvua inayofuata. Pima ukinzani wa ethi mwishoni mwa kiangazi, udongo ukiwa mkavu, kwa sababu kipimo cha masika kitakupa majibu matamu.

Dalili: kituo kilichounganishwa na gridi ya taifa hujitoa mara kwa mara

Nguzo kubwa zikifika, zamu hubadilika, na kero hubadilika nazo. Tanzania ina mifano ya wazalishaji wadogo wanaouza kwa TANESCO, shirika la umeme la taifa, na wakati huohuo kusambazia vijiji, mmojawapo ukiwa ni mtambo wa maji wa Mwenga, Mufindi, wa megawati 4, ulioanza mwaka 2012 na kuongezewa mitambo ya upepo ya megawati 2.4 mwaka 2020, ili upepo usaidie mto unapopungua kiangazi.

Sababu ya kwanza ya kujitoa ni gridi yenyewe kukatika, na hapo mtambo umefanya sawa: inveta iliyounganishwa na gridi hutakiwa kuachia ndani ya sekunde 2. Ya pili ni volti kupanda adhuhuri mwisho wa laini ndefu, kwa namna ileile ya mapaa ya shule. Ya tatu ni kinga zilizowekwa kali mno, zinazotafsiri kila mtikisiko wa masafa kuwa kukatika. Andika saa, volti na masafa ya kila tukio kwa mwezi mmoja kabla ya kudai marekebisho, na usiguse mipangilio ya kinga hizo bila mhandisi wa shirika kuwepo. Kituo kinachoweza kujitenga na kuendelea kuwahudumia wanakijiji gridi ikizimika ni hazina, lakini kiwe na swichi inayotenganisha kabisa pande mbili na inayofungika kwa kufuli, kwa kuwa upande wa pili kuna fundi aliyepanda nguzo akiamini kwamba waya umekufa.

Unapomwita mhandisi, kwa dalili yoyote kati ya hizi, mwandalie mambo manne: saa kamili ya tukio, chaji ya betri wakati huo, kilowati zilizokuwa zinabebwa na kila chombo, na onyo la mwisho lililoandikwa kwenye kila inveta. Piga picha ya vioo vyote kabla ya kuwasha upya, kwa sababu inveta nyingine hufuta ujumbe huo pindi zinapowashwa.